Sarafu ya Fedha Katika Nyumba ya Kamari

Katika jimbo la Nevada, huko Marekani, ambako sheria imeruhusu kamari ichezwe waziwazi tangu mwaka 1931, upo mchezo wa karata uitwao blekijeki, na kanuni yake ya asili ni kwamba mchezaji aliyejaaliwa kupata ishirini na moja kwa karata zake mbili za mwanzo hulipwa tatu kwa kila mbili alizoweka. Basi aliyeweka dola tano hustahiki kulipwa dola saba na nusu. Na kwa ajili ya nusu hiyo, ambayo haiwezi kulipwa kwa noti, kasino nyingi ziliona ni lazima kuweka akiba ya sarafu za nusu dola, ilhali sarafu hiyo imekwisha kuwa adimu katika maduka na masoko ya nchi ile, hata mtu aweza kukaa muda mrefu asiipokee mkononi mwake. Kwa sababu ndogo kama hiyo ya hesabu, nyumba ya kamari imekuwa mahali ambapo kitu kilichoghafilikiwa na nchi nzima kinaendelea kupita mkono kwa mkono. Na kwa sababu hiyo hiyo watu wasioipenda kamari hata chembe huiendea milango yake.

Watu hao ni wakusanyaji wa sarafu. Mmoja wao akifika hapiti mezani. Huenda moja kwa moja kwenye dirisha la keshia, akatoa noti zake na kuomba abadilishiwe kwa nusu dola, naye hupewa mafungu yaliyoviringwa kwa karatasi, kila fungu sarafu ishirini, kima chake dola kumi. Kisha hukaa pembeni akayafungua na kuzitazama ubavuni moja moja, kwani siri ya sarafu hiyo iko ubavuni: zile za matumizi ya kawaida zilizopigwa tangu 1971 zina moyo wa shaba uliofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, na mstari mwekundu huonekana dhahiri kwenye ukingo, zile za tangu 1965 hadi 1970 zina sehemu nne katika kumi za madini ya fedha, na zile za 1964 na zilizozitangulia zina sehemu tisa katika kumi, na ukingo wake ni mweupe mtupu. Thamani ya madini yaliyomo katika hizo za mwisho imekwisha kupita mbali kile kima kilichoandikwa usoni mwao. Akiipata moja huiweka kando. Asipoipata huzirudisha zote, na mali yake hubaki kama ilivyokuwa.

Je, mtu huyu ni katika wacheza kamari? Ameingia nyumba yao, ametarajia bahati kama wao, moyo wake umedunda alipokuwa akifungua karatasi kama moyo wa yule anayengoja karata yake ifunuliwe, na kwa kinywa chake mwenyewe atasema amebahatika au hakubahatika. Nimelitaamali suala hili kwa muda, na jawabu langu ni kwamba si mmoja wao. Lakini jawabu hilo halimwachi huru kama anavyodhani, maana likisha kumtoa katika shitaka la kamari linamfikisha mbele ya shitaka jingine, lililo jembamba zaidi na kwa hiyo gumu zaidi kulikimbia.

Tuanze na hiyo bahati, kwa sababu wengi huiona kuwa ndiyo ubaya wenyewe. Lau kuwa bahati ni dhambi kwa dhati yake, basi kura ingekuwa dhambi, na kura imo katika vitabu vyote viwili, Biblia na Kurani. Nabii Yunusi alipigiwa kura ndani ya jahazi na kura ikamwangukia; mitume wa Isa walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda walimpata Mathiya kwa kura; na katika sira ya Mtume Muhammad imepokewa kwamba alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze apate kujua ni nani atakayefuatana naye. Katika mambo hayo bahati ilitumiwa ili kuepusha upendeleo, pasi na mtu kunyang'anywa haki yake. Kinachoifanya kamari kuwa kamari, kwa hiyo, kimejificha mahali pengine, nacho ni kule kuichukua mali ya mwenzio pasi na ewadhi, mmoja akafurahi kwa kadiri ile ile aliyohuzunika mwingine, wala baina yao hapakupita bidhaa, wala kazi, wala hisani. Kurani haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Ilipima manufaa hayo na dhambi yake ikaiona dhambi kuwa ndiyo nzito, na mahali pengine ikataja sababu, nazo ni uadui na chuki baina ya watu na kughafilishwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na katika barua hizo ikazaliwa elimu ya kuipima bahati kwa hesabu. Elimu hiyo imetuwezesha kuona jambo ambalo mababu waliliona kwa basira tu. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vyumba 38, na aliyebashiri chumba kimoja akapatia hulipwa thelathini na tano kwa moja, juu ya dau lake analorudishiwa. Zile mbili zinazopungua ndizo fungu la nyumba, yapata dola tano na robo katika kila dola mia zinazowekwa, leo na kesho na daima, wala hapana dua wala desturi wala nambari ya kuzaliwa iwezayo kuzirudisha. Mwenye kucheza muda mrefu hapambani na bahati hata kidogo. Anapambana na hesabu iliyokwisha kukatwa kabla yeye hajaingia. Mtafuta sarafu, kwa upande wake, ametoa dola kumi na amepokea dola kumi, na kama fungu zima ni la shaba atairudisha shaba na kupewa noti yake. Hakuna aliyepoteza ili yeye apate. Kwa mizani hii nasema bila ya kusita kwamba kubadilisha kwake sarafu si kamari.

Basi imebaki kwamba faida yake haikutoka katika bahati peke yake. Imetoka katika ujuzi. Fungu lile lile lilipita mikononi mwa keshia, na mgawa karata, na wachezaji kadha wa kadha, na kila mmoja wao alikuwa na macho. Yeye peke yake alijua la kutazama. Hapa ndipo shitaka la pili linapoanza: je, mwenye kujua anamdai nini asiyejua, na asiyejua anamdai nini mwenye kujua?

Cicero wa Roma, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Isa, alisimulia mas-ala ya mfanyabiashara aliyefika Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Iskandaria wakati wa njaa, naye anajua kwamba nyuma yake baharini majahazi mengine mengi yanakuja, ila watu wa mji hawana habari. Awaambie, na bei ishuke, au anyamaze na auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alisema muuzaji halazimiki ila kwa yale sheria iliyomtaka ayadhihirishe, madhali hakusema uongo. Antipater, mwanafunzi wake, alisema binadamu wote ni ndugu katika jamii moja na kwa hivyo lolote ajualo muuzaji na alijue mnunuzi. Na Cicero akauelemea upande wa Antipater. Katika sharia ya Kiislamu mlango huu ulikwisha kufungwa kwa hadithi inayokataza watu wa mjini kuutokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, ili kununua bidhaa kwa watu wa mbali wasiojua bei. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni na kuijua bei, ana hiari ya kuvunja mauzo. Nayaona mafundisho haya mawili kuwa yamekutana mahali pamoja, ijapokuwa yalitoka pande mbalimbali: kutumia ujinga wa mwenzio kama mtaji ni jambo ambalo dhamiri hailali nalo usingizi mzuri.

Lakini kuna visa viwili vya hazina ambavyo vimenishughulisha kuliko hoja za wanafalsafa. Katika Injili ya Mathayo, ufalme wa mbinguni umefananishwa na hazina iliyositirika shambani, mtu akaivumbua, akaificha tena, akaenda kwa furaha kuuza vyote alivyo navyo na kulinunua shamba lile. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu alinunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu, akamwendea aliyemuuzia na kumwambia achukue dhahabu yake kwa kuwa yeye alinunua ardhi tu. Na muuzaji akakataa akisema ameuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakafika kwa mwamuzi, naye alipojua kwamba mmoja ana mtoto wa kiume na mwingine wa kike, akawaamuru wawaozeshe, na mali ile itumike kwa ajili yao na kwa sadaka. Mvumbuzi wa kwanza alinyamaza, wa pili alisema. Najua kwamba mfano wa Injili haukutolewa kufundisha sheria ya ardhi. Umetolewa kuonyesha ni kwa ukamilifu gani mtu ayatoe yote kwa ajili ya kile kilicho bora, nami nausoma kwa heshima hiyo. Hata hivyo msomaji hawezi kuacha kumfikiria yule mwenye shamba wa kwanza, aliyepokea bei yake na kwenda zake, wala hakutajwa tena. Hadithi ya mtungi inamrudisha mwenye shamba huyo ndani ya kisa na kumpa ulimi.

Sasa tumlete mtafuta sarafu wetu mbele ya hawa wawili. Nani ni mwenye shamba wake? Mtu atajibu upesi: ni kasino. Nami sioni kwamba kasino imedhulumiwa. Bei ya madini ya fedha hutangazwa kila siku kwa kila mtu. Sheria ya Marekani inasema nusu dola ya 1964 ni nusu dola kama nyingine yoyote. Na nyumba ile yenyewe, kwa hiari yake na kwa faida yake, imekubali kuzihesabu sarafu zote kwa kima cha usoni kwa kuwa kuzichambua kungeigharimu muda. Aliyechagua kutotazama si sawa na aliyezuiliwa kuona. Msafara uliotokewa njiani ulikuwa na haki ya kulifikia soko. Kasino inaishi katikati ya soko. Isipokuwa sharti moja: keshia akimwuliza anatafuta nini, na amwambie kweli. Kunyamaza ambako hakuna aliyeuliza ni jambo moja, na kusema uongo kwa aliyeuliza ni jambo jingine, hata kama kitu chenyewe ni nusu dola moja.

Hata hivyo kasino si mwenye shamba wa mwisho, na hapa ndipo nadhani wakusanyaji wengi hawajafika kwa fikira zao. Ili kulifahamu hili, yatupasa kukumbuka jinsi fedha ilivyoondoka mikononi mwa watu. Mji wa Carson City, katika jimbo lile lile la Nevada, ulipata karakana yake ya kupiga sarafu kwa sababu ya machimbo ya Comstock yaliyogunduliwa 1859; karakana ikaanza kupiga sarafu mwaka 1870 na kukoma 1893, na dola zake zenye herufi mbili za CC ni kipenzi cha wakusanyaji hadi leo. Kwa miaka mingi katika karne iliyofuata watu wa Nevada walicheza kwa dola za fedha halisi, nzito, kila moja yapata gramu 27, zikimwagika kutoka katika mashine na kurundikwa mezani. Kisha, thamani ya madini ilipopanda, watu wakaanza kuziweka; tarehe 25 Machi 1964 Hazina ya Marekani ikaacha kutoa dola za fedha kwa wenye hati zake; mwaka 1965 sheria ikaondoa fedha katika sarafu ndogo na kuipunguza katika nusu dola, na kasino nazo zikaanza kupigisha tokeni zao wenyewe za madini duni. Al-Maqrizi wa Misri, mapema katika karne ya kumi na tano, alikwisha kueleza jinsi fulusi za shaba zinavyochukua mahali pa dirhamu za fedha katika masoko; nayo ndiyo kawaida ambayo Wazungu wameipa jina la Gresham. Sarafu njema huenda nyumbani ikalala, na ile duni hubaki njiani ikitembea.

Kwa hivyo sarafu ya fedha inayopatikana leo katika fungu la kasino haikukaa njiani tangu 1964. Ililala nyumbani kwa mtu, kisandukuni, pengine kwa miaka thelathini, na siku moja ikatoka. Nani aliitoa? Mwenye kuijua thamani yake hawezi kuitoa kwa kima cha usoni ila amebanwa na dhiki. Na asiyeijua, aghalabu, ni mrithi aliyekuta kikopo cha sarafu za marehemu na kuzichukulia kuwa ni chenji. Au ni mwizi, ambaye hana haja ya kujua. Nyumba ya kamari huwavuta wote watatu. Baba aliyepoteza mshahara mezani usiku, akakumbuka zile sarafu za Kennedy ambazo mamake aliziweka kwa kumbukumbu ya rais aliyeuawa Novemba 1963, akazileta dirishani kabla ya alfajiri ili aendelee kucheza: huyo ndiye mwenye shamba. Hatajwi, wala haonekani, na bahati ya mtafuta sarafu ni mabaki ya msiba wake.

Sisemi kwamba kila sarafu ina kisa kama hiki, wala kwamba mkusanyaji ndiye aliyemsukuma mtu yule. Mauzo yalikwisha kabla yeye hajafika. Lakini nasema kwamba furaha yake haina budi kulijua hilo. Mafakihi waliotaja rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa na kutokuwa na mwenyewe anayejulikana, walimhalalishia aliyeipata na kumwekea khumsi, sehemu moja katika tano, itolewe. Nusu dola ya 1964 si rikazi kwa sharti zao, na simbebeshi mtu faradhi ambayo sharia haikumbebesha. Ila naona kwamba mkusanyaji ambaye kwa ihtiyari yake angetenga sehemu ya tano ya ziada aliyoipata, akawapa wale wanaowahudumia watu walioharibiwa na kamari, angekuwa ameitambua njia ambayo riziki yake ilipitia.

Kuna watakaopinga kwa upande mwingine, wakisema kwamba kukusanya sarafu kwenyewe ni dhuluma, na watamleta shahidi mkubwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya, ndani ya kitabu chake cha subira na shukrani, kwamba dirhamu na dinari ziliumbwa ziwe mahakimu baina ya mali za watu, zenyewe hazitakiwi kwa dhati zake. Na mwenye kuzirundika ni kama aliyemfunga hakimu wa Waislamu gerezani, hukumu zikasimama. Nimeiheshimu hoja hii siku zote, na kuna watu imewapata sawasawa. LaVere Redfield wa mji wa Reno alipofariki mwaka 1974, nyumbani mwake zilikutwa dola za fedha zaidi ya 400,000, nyingi zimefichwa nyuma ya ukuta, na mnamo 1976 ziliuzwa kwa mkupuo kwa zaidi ya dola milioni saba. Mali kama hiyo, iliyokaa gizani bila ya kumfaa mwenyewe wala jirani, ndiyo mfungwa wa Ghazali. Lakini nusu dola ya fedha haihukumu tena. Aliyeiuzulu ni serikali ya nchi yake, na hakimu aliyeuzuliwa ana haki ya kukaa nyumbani kwa mtu anayemheshimu. Kinyume cha kukusanywa, kwa sarafu hiyo, ni kuyeyushwa: kwa sheria ya Pittman ya mwaka 1918 pekee, dola zaidi ya milioni 270 zilitiwa kalibuni, nasi katika pwani yetu tunajua kwamba kama si kina mama waliozifanya riale za Maria Theresa mapambo yao na kuzirithisha mabinti zao, wengi wetu tusingepata kuiona kwa macho sarafu iliyohesabu mali za Unguja katika zama za masultani.

Limebaki suala la mahali. Juu ya nusu dola yameandikwa maneno yanayosema kwamba taifa lile linamtegemea Mungu, na mtu aweza kuona uchungu kwamba sarafu yenye tamko hilo imepata kimbilio lake la mwisho juu ya meza ambapo kinachotegemewa ni karata. Mimi nasema anayejijua kuwa mdhaifu asiende, hata kama anakwenda kwa ajili ya sarafu tu, kwani mafungu yakitoka matupu na noti zikarudi mkononi, meza ziko hatua chache kutoka dirishani, na huko ndiko walikopotelea watu wenye nia njema. Anayejijua kuwa imara na aende mchana, na aondoke alipomaliza.

Na ikitokea siku moja akafungua fungu na kukuta si sarafu moja ya fedha bali ishirini, zote za miaka ya zamani, safi, zilizofanana kwa matunzo, basi asifurahi upesi, maana dalili hiyo ni ya mkusanyo mzima uliotoka katika nyumba moja kwa wakati mmoja, na mkusanyo hauletwi kasino na aliyeukusanya. Hapo hukumu iliyo karibu zaidi ni ile ya kitu kilichookotwa: amweleze keshia na mkubwa wake alichokiona, aandikishe jina lake na mahali anapopatikana, awapashe habari polisi wa mji na maduka ya wauza sarafu yaliyo karibu, na aziweke kando kama amana kwa muda wa mwaka mmoja. Akija mwenyewe na kuzieleza sifa zake, ampe, naye amrudishie dola zake kumi. Asipokuja, mwaka ukishapita, ni halali yake.